Kaboni ndani ya injini: safisha kinachofikiwa na mkono, kingine kiache

Swali ni lile lile, hubadilika mji tu. Msomaji wa Karatina anauliza kwa nini Vitz yake inatetemeka asubuhi. Wa Nanyuki ameambiwa Premio yake "imejaa kaboni", akatajiwa bei iliyomfanya afunge boneti na kurudi nyumbani. Wa Meru anataka kujua kama ni kweli kwamba injini ikinyweshwa maji kidogo hujisafisha. Wote humalizia kwa kuuliza: je, naweza kufanya mwenyewe nyumbani?

Unaweza, lakini si yote. Kuna kaboni inayofikiwa kwa mkono, tambara na kopo la dawa, na kuna iliyojificha ndani ambako mkono haufiki. Nitakuonyesha mpaka ulipo. Nitakuonyesha pia chanzo chake huku kwetu mlimani, kwa sababu ukisafisha na kukiacha chanzo, miezi michache baadaye utakuwa umeinama tena kwenye boneti ile ile.

Kwanza hakikisha ni kaboni

Kaboni ni masizi ya mafuta ambayo hayakuungua yote, yakashikana na mvuke wa oili na kugandamana. Dalili zake huja polepole:

- Injini hutetemeka gari likiwa limesimama, hasa kabla ya kupata moto.
- Mshale wa mzunguko hupanda na kushuka wenyewe, au injini huzima ukiondoa mguu kwenye mafuta.
- Gari huwa zito kupanda mlima na hunywa petroli kuliko zamani.
- Injini hugongagonga ikibeba mzigo.

Usilaumu kaboni kwa mambo haya:

- Moshi wa bluu. Hiyo ni oili inayoungua. Tafuta ringi au sili za vali.
- Moshi mweupe usiokwisha, na maji ya rejeta yanapungua. Shuku gasketi ya silinda hedi.
- Mtetemeko ulioanza ghafla leo. Kaboni haiji kwa siku moja. Angalia koili, plagi, au mpira wa hewa uliopasuka.
- Taa ya injini inayowaka na kuzima mfululizo. Usiendelee kuendesha. Silinda moja haichomi, na petroli mbichi inaharibu katalaiza.

Kama taa ya injini imewaka, lipia kwanza gari lipimwe kwa mashine. Ni gharama ndogo kuliko kununua makopo matatu ya dawa kwa ugonjwa usioujua.

Kwa nini magari ya mlimani

Sababu nne hukutana huku, na tatu kati yake ziko mikononi mwako.

1. Baridi na safari fupi. Unawasha gari Kamakwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Julai, unafika mjini Nyeri mshale wa joto haujainuka. Injini baridi hupewa petroli nyingi ili isizime, na ziada hiyo hugeuka masizi. Ncha ya plagi huanza kuunguza masizi yake yenyewe ikifika nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Ukizima kabla ya hapo, masizi hubaki.

2. Thamostati iliyotupwa. Hapa ndipo nitasisitiza. Mafundi wengi wakiona gari limechemka, hung'oa thamostati na kuitupa, wakidai "huku ni baridi, haihitajiki". Ukweli ni kinyume. Kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifike karibu nyuzi 80. Bila hiyo, kompyuta ya gari huamini injini ni baridi na kuendelea kumimina petroli. Ukiendesha kilomita 15 na mshale wa joto bado umelala, chanzo chako umekipata.

3. Petroli iliyochanganywa. Mafuta ya taa ndani ya petroli hayaungui vizuri, hivyo huacha masizi mengi. Uchanganyaji ulienea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ilitoza mafuta ya taa ushuru maalum wa Sh18 kwa lita ili kuuondolea faida. Nunua kwenye kituo chenye wateja wengi, na uweke risiti.

4. Mwinuko. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, Nanyuki zaidi ya 1,900. Hewa ya huku ina upungufu wa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Gari la kisasa hujirekebisha lenyewe. Bodaboda ya kabureta haijirekebishi, na ikiwa jeti yake ni ya pwani, itatoa plagi nyeusi kila mwezi. Mwambie fundi wa pikipiki akuwekee jeti ndogo zaidi.

Jua aina ya injini yako

Usinunue chochote kabla ya kujibu hili: petroli yako hupulizwa wapi?

- Kabla ya vali. Ndivyo zilivyo Probox na Fielder nyingi za injini ya 1NZ-FE. Petroli huosha migongo ya vali kila inapopita, kwa hiyo dawa ya kuweka tangini ina nafasi ya kusaidia.
- Moja kwa moja ndani ya silinda. Hapa kuna zile D4 za Toyota zenye sifa mbaya kwenye gereji zetu, TSI za Volkswagen, na Mazda nyingi za miaka ya karibuni. Petroli haizigusi kamwe vali za kuingiza hewa. Kaboni inayojijenga pale haiondolewi na dawa yoyote ya tangini, hata uiweke kila wiki. Injini za Toyota zilizoandikwa D-4S zina nozeli za pande zote mbili na hupata nafuu.
- Dizeli. Masizi hurudishwa kupitia vali ya EGR, yakakutana na mvuke wa oili na kuwa uji mzito kama lami. Ina sehemu yake hapa chini.

Vifaa vya kuwa navyo

- Kopo la dawa ya kusafishia throtali
- Kopo tofauti la dawa ya sensa ya hewa
- Matambara safi yasiyotoa nyuzi, na mswaki wa zamani
- Soketi ya plagi, spana ya 10 na bisibisi
- Glavu na miwani

Fanya kazi nje, mbali na jiko na sigara, kwa sababu dawa hizi hushika moto haraka. Injini iwe imepoa, na ufunguo uwe mfukoni.

Wengi watakwambia ung'oe betri kwanza. Angalia redio yako kabla ya kutii. Redio nyingi zilizokuja na magari kutoka Japani hujifunga zikikosa umeme na kudai nambari ya siri ambayo huna. Kwa kazi za hapa, ufunguo mfukoni unatosha.

Kazi ya kwanza: throtali

Hiki ni kijilango cha duara kinachoingiza hewa kwenye injini ukikanyaga mafuta. Mara nyingi ndicho chanzo cha mtetemeko, na ndicho rahisi kufikia.

1. Legeza vibano na uondoe mpira mpana unaotoka kwenye boksi la filta ya hewa. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote.
2. Mulika ndani. Kwenye Probox yangu niliona pete nyeusi kuzunguka ukingo wa kijilango, nyembamba kama uzi lakini yenye kunata. Nilipopitisha kona ya tambara jeupe, lilitoka na alama kama ya sufuria ya kuni. Pete hiyo nyembamba ndiyo inayoziba hewa injini inapozunguka polepole.
3. Pulizia dawa kwenye tambara, si ndani ya tundu. Futa ukingo, kuta, na uso wa kijilango.
4. Kama throtali yako huvutwa kwa kebo, ifungue kwa kuvuta kebo kisha safisha upande wa nyuma. Kama ni ya umeme, usiisukume kwa kidole kwa nguvu, maana ndani yake mna gia ndogo za plastiki. Safisha unapofikia, ikibidi kuing'oa, mpe fundi. Kwenye Toyota nyingi, vipaipu vya maji ya rejeta vimeshikana nayo.
5. Usitumie msasa, kisu wala brashi ya waya. Baadhi ya throtali zimepakwa utando wa kuzuia uchafu, na ukiukwangua umejitafutia kaboni ya haraka zaidi.
6. Subiri dakika kumi dawa ikauke, rudisha mpira, kaza vibano.

Ukiwasha, injini inaweza kusumbua na kutoa moshi kwa dakika moja. Usiogope. Inaweza pia kunguruma juu kuliko kawaida, kwa sababu kompyuta ilikuwa imezoea tundu lililoziba. Zima taa na AC, iache ingurume mpaka ipate moto, kisha uendeshe dakika 15. Ikibaki juu kwa siku kadhaa, fundi mwenye mashine ataifundisha upya.

Kazi ya pili: sensa ya hewa

Iko kwenye paipu baada ya filta ya hewa, imeshikwa na skrubu mbili. Ndani yake mna vijiwaya vyembamba kama nywele. Ichomoe, pulizia dawa yake maalum mara kadhaa, iache ikauke yenyewe, irudishe. Usiiguse kwa kidole, usiifute, usiipulizie kwa mashine ya upepo.

Nayasema haya kwa uchungu. Mara ya kwanza nilitumia kopo la throtali kwa sababu lilikuwa limebaki nusu. Gari liliwaka, likaenda hadi getini, likazima. Nilinunua sensa nyingine.

Kazi ya tatu: plagi

Plagi ni barua kutoka ndani ya silinda. Isome kabla ya kuibadilisha.

1. Safisha vumbi kuzunguka koili kabla ya kuchomoa. Mchanga wa murram ukidondoka ndani ya silinda, kazi imegeuka.
2. Ng'oa plagi moja moja na uzipange kwa mfuatano wa silinda.
3. Angalia ncha:
   - *Kahawia hafifu au kijivu*: injini inachoma sawa.
   - *Nyeusi, kavu, kama masizi ya taa ya koroboi*: petroli imezidi au injini haipati moto. Rudi kwa thamostati na filta ya hewa.
   - *Nyeusi na yenye mafuta*: oili inaingia silindani. Hilo halisafishwi kwa dawa.
   - *Moja nyeusi, tatu safi*: tatizo ni la silinda hiyo, pengine koili au nozeli.
4. Usizikwangue plagi za iridiamu kwa brashi ya waya, ncha yake hukatika. Za kawaida ni rahisi, nunua mpya.
5. Anza kuzifunga kwa vidole mpaka zikae, kisha kaza kwa spana kidogo: karibu nusu zamu kwa plagi mpya yenye washa. Hedi ni ya alumini, na nyuzi zikiharibika utalipa fundi wa mashine.

Kazi ya nne: dawa ya tangini

Soma kibandiko utafute herufi PEA, yaani polietheramini. Ni kemikali inayostahimili moto wa silinda na kulainisha kaboni ngumu. Kopo lisilosema lina nini, liache dukani.

Imwage kabla ya kujaza tangi ili ichanganyike, kwa kipimo cha kwenye chupa. Kuongeza maradufu hakuongezi usafi. Endesha mpaka tangi likaribie kuisha, kisha rudia mara moja. Panga iwe karibu na wakati wa kubadilisha oili, kwa sababu sehemu ya dawa na uchafu hushukia humo.

Kazi ya tano: barabara

Hii haina gharama zaidi ya petroli. Injini ikiwa na moto kamili, mara moja au mbili kwa mwezi, ipe nusu saa ya kazi ya kweli: mshale wa mzunguko ukae kwenye 3,000 hivi, kwa gia ya chini, ukipanda. Wa Nyeri ana barabara ya Kiganjo kwenda Naro Moru. Wa Karatina ashuke Sagana kisha apande kurudi. Wa Meru ana mlima wa Timau. Gia ndiyo inayofanya kazi, si mwendo, hivyo huna haja ya kuvunja sheria.

Joto hilo husafisha plagi na chumba cha moto. Halifiki kwenye migongo ya vali za D4, kwa hiyo usitarajie hilo.

Wenye dizeli, simameni hapa

Usipulizie dawa yoyote kwenye mdomo wa hewa wa injini ya dizeli inayonguruma. Dizeli haina plagi ya cheche ya kuzimwa: chochote kinachowaka kikiingia, injini hukichoma na kupanda mzunguko, na kuzima ufunguo hakuisimamishi. Dawa ya kuwashia ya kopo nayo, ikikutana na plagi za joto, inaweza kulipuka.

Unachoweza kufanya ni kung'oa vali ya EGR injini ikiwa imezimwa na imepoa, kama umezoea spana. Kwangua uji mzito kwa kijiti cha mbao, safisha kwa dawa na mswaki, na usilowanishe upande wenye mota ya umeme. Nunua gasketi mpya kabla ya kuanza. Bolti ikikataa, usiilazimishe; ikikatika ndani, siku imeharibika.

Njia za mtaani za kuepuka

- Maji kwenye mpira wa hewa. Maji hayashindiliki. Kwenye injini ya 1NZ-FE, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni mililita 40 hivi, pungufu ya vijiko vitatu vya mezani. Yakizidi hapo, kinachopinda ni koni rodi.
- Kumwaga mafuta ya taa au dizeli kwenye oili "kuosha injini". Hupunguza uzito wa oili kwenye beringi, na hubandua mabonge yanayoziba chujio la pampu.
- Dawa ya oveni au soda ya kutengenezea sabuni. Hula alumini.
- Soda ya kunywa. Sukari yake huacha kitu kibaya kuliko kaboni.
- Kuchomoa plagi na kujaza dawa juu ya pistoni. Mafundi huifanya, lakini ukiacha kuitoa yote kabla ya kurudisha plagi, utapata balaa la maji. Oili nayo lazima ibadilishwe mara moja. Mwachie fundi.

Pingamizi ninazozisikia

*"Fundi wangu humwaga maji miaka yote na hakuna kilichoharibika."* Huenda ana mkono mwepesi. Wewe ndiye utakayenunua injini siku mkono utakapokuwa mzito.

*"Baridi ya hapa lazima niache gari lingurume robo saa."* Kunguruma bila kazi ndiko kunakopasha polepole zaidi na kuzalisha masizi. Washa, hesabu nusu dakika, ondoka taratibu bila kukanyaga sana mpaka mshale uinuke.

*"Nikiweka petroli ya bei ya juu, sihitaji haya."* Itasaidia nozeli zibaki safi. Haitaosha throtali wala vali za injini inayopuliza ndani ya silinda.

*"Nilisafisha, ikarudi baada ya miezi mitatu."* Basi umesafisha sakafu na paa bado linavuja. Angalia thamostati, filta ya hewa, na vali ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa oili kwenye injini. Vali hiyo, kama ni ya kawaida, ukiitoa na kuitikisa, inapaswa kuchezacheza kwa sauti. Isipolia, imekwama.

Wakati wa kumwita fundi

Nenda gereji kama umefanya kazi hizi na mtetemeko umebaki, na hasa kama injini yako ni ya D4 au TSI. Vali zake husafishwa kwa kung'oa manifoldi na kukwangua kwa mkono, au kupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa. Kabla ya kulipa, mwambie akuonyeshe vali kwa kamera ndogo. Asiyeweza kukuonyesha kaboni asikutoze pesa ya kuiondoa.

Tabia za kuizuia

- Unganisha safari fupi: soko, benki na shule kwa mzunguko mmoja.
- Badilisha oili kila kilomita 5,000 kama safari zako ni fupi.
- Kagua filta ya hewa kila mwezi wa kiangazi, hasa kama unapita barabara za vumbi za Laikipia.
- Oili chafu na matambara usivitupe kwenye mtaro. Mitaro ya Nyeri huishia mitoni, na kuna watu wanaoteka maji huko chini.

Na kabla ya kununua kopo lolote, kesho asubuhi endesha kilomita 15 ukitazama mshale wa joto. Ukikataa kupanda, pesa ya kopo nunulia thamostati.